Sista Anarudi Shule: Namna ya Kulipia Digrii ya Unesi Ukiwa Kazini Turkana

Ukitoka Lodwar kwenda Eliye Springs, lami inaisha na mchanga unaanza. Unasafiri zaidi ya kilomita 50 mpaka uone mikoma na chemchemi za maji matamu kando ya Ziwa Turkana. Wageni wanakuja hapa kupumzika. Lakini kwa nesi anayefanya kazi kwenye zahanati ya upande huu wa ziwa, mapumziko ni machache. Asubuhi kuna chanjo, mchana kuna mama wajawazito, na usiku mtu anaweza kubisha mlango akisema mtoto ana homa kali.

Nesi kama huyo akitaka digrii, chuo kiko mbali. Hawezi kuacha kazi, maana mshahara wake ndio unaolisha nyumba yake, na pengine nyumba ya wazazi pia. Hawezi kuhamia Eldoret au Nairobi kwa miaka miwili au mitatu. Ndiyo maana masomo ya mtandaoni yamekuwa mlango ambao wengi wanaujaribu.

Makala haya ni kwa ajili yake, na kwa ajili yako ikiwa uko Lodwar, Kakuma, Lokichoggio au popote unapofanya kazi huku ukisoma. Hatutakufundisha unesi. Tutazungumza kuhusu kile tunachokijua, yaani pesa inayopita kwenye simu yako. Wengi wanaoacha masomo katikati si kwamba masomo yamewashinda. Mara nyingi pesa ilikuwepo, ila ilifika wakati usiofaa, au ilifika mahali pasipofaa.

Kusoma ukiwa kazini si jambo geni

Kenya ina historia nzuri ya jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nchi ilikuwa na manesi zaidi ya 20,000 wenye cheti, waliohitaji kupanda hadi diploma. Vyuo vya kawaida vingeweza kuchukua wachache tu kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, wengi wangestaafu kabla zamu yao haijafika.

Mwaka 2005 Amref, Baraza la Wauguzi la Kenya, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture wakaanzisha mpango wa nesi kusoma kwa kompyuta huku akibaki kazini. Intaneti ilikuwa haba, kwa hiyo masomo mengi yalikuwa kwenye CD. Nesi alikaa mbele ya kompyuta zamu ikiisha, na mazoezi ya vitendo akayafanya hospitalini. Maelfu walijiunga.

Wakati mpango ule unaanza, pesa ya simu haikuwepo. M-PESA ilizinduliwa Machi 2007. Kabla ya hapo, nesi wa mbali aliyetaka kulipa karo alipanda gari hadi mji wenye benki, akapiga foleni, akalipa, halafu akatafuta njia ya kufikisha risiti ya benki chuoni. Siku nzima, pengine mbili, zilipotea kwa malipo ya dakika tano.

Chuo Kikuu cha Aga Khan nacho kilianza mwaka 2001 kufundisha manesi walio kazini hapa Afrika Mashariki, kwa ratiba inayomwezesha mtu kubaki na ajira yake. Na Kakuma, ndani ya kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, wakimbizi walianza kusoma kozi za chuo kwa mtandao mwaka 2010 kupitia mpango wa Wajesuiti. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema masomo ya mtandaoni ni ya watu wa Nairobi, mwambie Turkana yameshafika zamani.

Kabla hujatuma hata shilingi moja

Tuanze na kosa linaloumiza kuliko yote: kulipia kozi isiyotambulika.

Fikiria nesi wetu wa mfano. Tumwite Sista tu, maana kijijini kila mtu anamwita hivyo. Jioni moja anaona tangazo kwenye Facebook. "Digrii ya unesi, mtandaoni asilimia mia, miezi kumi na miwili tu, nafasi ni chache." Anaandika ujumbe. Anajibiwa haraka na mtu anayejiita ofisa wa usajili. Anaambiwa atume ada ya usajili leo, kwa namba ya simu ya kawaida, ili nafasi isichukuliwe.

Simama hapo hapo, Sista.

Kwanza, tilia shaka digrii ya unesi inayodai kuwa ya mtandaoni asilimia mia. Nadharia unaweza kuisoma kwenye simu ukiwa chini ya mkoma. Lakini unesi una mazoezi ya vitendo, na hayo hufanyika hospitalini, chini ya msimamizi, kwa saa zinazohesabiwa. Chuo kinachokuambia hakuna vitendo kabisa kinakuuzia karatasi.

Pili, hapa Kenya kuna milango miwili ya kubisha kabla ya kulipa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayokuambia kama chuo kinatambulika. Baraza la Wauguzi la Kenya ndilo linalokuambia kama kozi yenyewe ya unesi imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, kina majengo na mahafali, lakini kozi yake ya unesi iwe haijakubaliwa na Baraza. Mwanafunzi wa unesi pia anatakiwa asajiliwe na Baraza akiwa bado mwanafunzi. Usiposajiliwa, mwisho wa safari utakuwa na cheti ambacho hakikupi nafasi ya kufanya mtihani wa leseni.

Tatu, angalia matangazo ya nje ya nchi. Marekani kuna kozi nyingi za mtandaoni za kumtoa nesi kwenye diploma hadi digrii, lakini zimetengenezwa kwa watu ambao tayari wana leseni ya kule. Kabla ya kulipia kozi ya nje, liulize Baraza kwa maandishi kama watakuja kuitambua. Jibu lao lihifadhi.

Nne, tazama pesa inaenda wapi. Chuo cha kweli hupokea karo kwa akaunti ya benki au kwa paybill yenye jina la chuo. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu binafsi, hata kama ni "kwa muda tu, mfumo una shida," usitume. Piga simu chuoni kwa namba uliyoipata mwenyewe kwenye tovuti yao rasmi, si ile uliyopewa na huyo huyo anayetaka pesa.

Digrii inagharimu zaidi ya karo

Watu wengi wakipiga hesabu ya digrii wanaandika karo peke yake. Hapo ndipo shida inapoanzia. Karo ni kubwa lakini unaiona ikija. Zile ndogo ndogo ndizo zinazokuja zikivizia.

Hebu tupige hesabu ya Sista. Hizi namba ni za mfano tu. Weka za chuo chako mahali pake.

Karo ya muhula mmoja: KSh 60,000.
Ada ya usajili na mitihani: KSh 6,000.
Bando la intaneti kwa miezi minne ya masomo, KSh 2,000 kwa mwezi: KSh 8,000.
Nauli, malazi na chakula akienda kwa mazoezi na mitihani: KSh 14,000.
Jumla: KSh 88,000.

Kwa mihula miwili ya mwaka, hiyo ni KSh 176,000. Ukigawa kwa miezi 12 unapata kama KSh 14,700 kwa mwezi.

Angalia tofauti. Ukiisubiri karo ije, unakutana na mlima wa 88,000 mara moja. Ukiigawa, unakutana na 14,700 kila mwezi. Hata hiyo si ndogo kwa mshahara wa nesi, lakini ni kitu unachoweza kukipangia, ukakaa na familia mkaongea, mkakubaliana nini kitasubiri.

Siri yake ni kuanza mapema. Sista akianza kuweka 14,700 miezi sita kabla ya kujiunga, atafika siku ya kwanza akiwa na pesa ya muhula mzima. Muhula huo ukiendelea, anaweka ya muhula unaofuata. Kila wakati anakuwa hatua moja mbele. Ndiyo, itambidi achelewe kujiunga kwa miezi sita. Lakini kuchelewa kuanza kwa miezi sita ni nafuu kuliko kusimamishwa mwaka wa pili ukiwa umeshalipa nusu ya njia.

Kalenda ya chuo na kalenda ya mshahara hazifanani

Chuo kinajua tarehe zake. Muhula unaanza lini, mwisho wa kusajili masomo ni lini, mtihani ni lini. Tarehe hizo hazisubiri mtu.

Mshahara nao una mambo yake. Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, manesi wengi wameajiriwa na kaunti. Mgao kutoka Hazina ya Taifa ukichelewa, mishahara nayo huchelewa. Na waliokuwa kazini mwaka 2017 wanakumbuka mgomo wa manesi ulioanza Juni ukaisha Novemba. Ni miezi mitano. Mtu aliyekuwa anasoma wakati huo akitegemea mshahara wa mwezi kulipa karo ya mwezi alijikuta pabaya.

Kwa hiyo chukua karatasi, au fungua daftari la simu yako, uandike tarehe za chuo kwanza. Halafu rudi nyuma mwezi mmoja kwa kila tarehe. Hiyo ndiyo tarehe yako wewe ya kuwa na pesa. Kama mtihani ni mwisho wa Novemba na chuo kinataka karo iwe imekamilika kabla ya mtihani, tarehe yako ni mwisho wa Oktoba. Mshahara ukichelewa wiki tatu, bado hujakosa.

Uliza pia chuo kama kinakubali malipo ya awamu. Vingi vinakubali: sehemu fulani wakati wa kujiandikisha, iliyobaki kabla ya mtihani. Ukishajua, lipa awamu zako mapema. Pesa ikishaingia kwenye akaunti ya chuo, haiwezi tena kuombwa na binamu, wala haiwezi kugeuka unga na sukari.

Tenganisha pesa ya shule na pesa ya nyumba

Pesa ya shule ikikaa mahali pamoja na pesa ya matumizi, itatumika. Si kwamba Sista hana nidhamu. Ni kwamba mgonjwa anaweza kukosa nauli ya kwenda hospitali ya rufaa Lodwar, na salio linaonekana lipo.

Njia ni nyingi. Unaweza kutumia akiba iliyofungwa kwenye simu, ile unayochagua kiasi na muda, na pesa haitoki hadi muda uishe au utoe taarifa mapema. Unaweza kutumia sacco. Unaweza kutumia chama cha manesi wenzako, mkapanga zamu ya kupokea iangukie mwezi wa karo yako. Cha muhimu ni kwamba siku mshahara unapoingia, pesa ya shule iondoke kwanza, kabla hujanunua chochote. Ikiondoka mwisho, hakuna itakachokuta.

Kulipa karo kwa simu bila kukosea

Malipo ya karo mara nyingi hupitia paybill, si till. Sababu ni kwamba paybill ina sehemu ya namba ya akaunti, na hapo ndipo chuo kinajua ni nani amelipa. Namba hiyo kwa kawaida ni namba yako ya usajili chuoni. Ukikosea herufi moja, pesa itafika chuoni lakini haitafika kwako. Itaning'inia kwenye akaunti isiyojulikana, au mbaya zaidi, itasomeka kwa mwanafunzi mwingine.

Kwa hiyo:

Namba ya usajili inakili kutoka barua ya chuo, usiiandike kwa kumbukumbu. Angalia vizuri sufuri na herufi O, moja na herufi I.

Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye simu. Kama si jina la chuo, acha. Kufuta hakukugharimu kitu.

Mara ya kwanza unapolipa chuo kipya, tuma kiasi kidogo kwanza, labda KSh 100. Subiri ionekane kwenye akaunti yako ya mwanafunzi. Ikionekana, tuma iliyobaki.

Ujumbe wa malipo usiufute. Ile namba ya muamala yenye herufi na tarakimu ndiyo risiti yako. Piga picha ya skrini, jitumie kwa barua pepe. Simu ikianguka ziwani, risiti isizame nayo.

Baadhi ya taasisi za serikali hupokea malipo kupitia eCitizen, paybill 222222. Hapo namba ya akaunti haiwi namba yako ya usajili. Hutoka kwenye ankara uliyotengenezewa. Usichanganye hizo mbili.

Kuhusu gharama: ada ya paybill mara nyingine hulipwa na chuo, mara nyingine na wewe, mara nyingine mnagawana. Uliza mapema uongeze kwenye hesabu. Na kuhusu viwango, tangu Agosti 2023 mtu anaweza kutuma hadi KSh 250,000 kwa muamala mmoja kwenye M-PESA na kuwa na hadi KSh 500,000 kwenye simu. Kwa hiyo karo ya muhula inapita mara moja bila kukatwa vipande.

Kama unaweka pesa taslimu kwa ajenti wa mbali, usingoje siku ya mwisho. Huku kwetu ajenti anaweza kuishiwa floti, au mtandao ukakata jioni nzima. Siku ya mwisho ya kulipa karo isiwe siku yako ya kwanza ya kutafuta ajenti.

Ukikosea, fanya hivi haraka

Ukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, usimpigie kwanza huyo mtu mkaanza kubishana. Kwenye M-PESA, sambaza ule ujumbe wa muamala kwenda 456. Mitandao mingine ina namba yake ya huduma kwa wateja, ihifadhi kabla hujaihitaji. Dakika ni muhimu, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa ajenti, kuirudisha kunakuwa kazi kubwa.

Kama paybill ilikuwa sahihi ila namba ya akaunti ndiyo ulikosea, wasiliana na ofisi ya fedha ya chuo. Watumie namba ya muamala, tarehe, kiasi, namba uliyoandika na ile uliyotaka kuandika. Andika, usipige simu tu. Ukiwa na maandishi, una pa kurejelea.

Jambo moja kwa wasomaji wetu wa Kakuma na Kalobeyei. Pesa ya simu mmeizoea. Tangu 2015 wengi wenu mmepokea msaada wa chakula kupitia Bamba Chakula. Lakini kuna watu wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ndugu au jirani. Kwa matumizi madogo hujaona shida. Kwa karo, shida ipo. Pesa ikipotea, anayeweza kuidai ni yule ambaye jina lake liko kwenye laini. Kama laini unayolipia shule si ya jina lako, shughulikia hilo kabla ya muhula kuanza.

Mkopo wa simu na karo

Tutasema wazi, ingawa sisi wenyewe tuko kwenye biashara hii: mkopo wa muda mfupi wa simu haukutengenezwa kwa ajili ya karo.

Chukua mkopo wa mwezi mmoja wenye ada ya 7.5%, kama ile M-Shwari ilioanza nayo mwaka 2012. Ukikopa KSh 20,000, ada ni KSh 1,500, kabla ya ushuru. Haionekani kubwa. Lakini kama mwezi ukiisha huna, ukalipa kwa kukopa tena, na tena, na tena, kwa miezi minne umelipa KSh 6,000. Rudi kwenye hesabu ya Sista. Hiyo ndiyo ada yake nzima ya usajili na mitihani, na bado ile 20,000 anadaiwa.

Fuliza nayo ni ya kukamilisha muamala pale salio linapopungua kidogo, na inatozwa kila siku hadi uimalize. Kuna kitu kimoja ambacho wengi hukisahau: ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote inayoingia kwenye simu inalilipa deni kwanza. Sasa fikiria ndugu na marafiki wamekuchangia karo. Kaka ametuma 5,000, mjomba 3,000, wenzako wa kazini 10,000. Wewe unadaiwa 9,000. Unafungua simu ukitegemea 18,000, unakuta nusu. Wachangiaji hawajui, na wewe unaona haya kuwaambia.

Dawa yake ni rahisi. Waombe wanaokuchangia walipe moja kwa moja kwenye paybill ya chuo, kwa namba yako ya usajili, halafu wakutumie ujumbe wa muamala. Hata wao watafurahi kuona pesa yao imefika darasani.

Kama lazima ukope, tafuta mkopo wa masomo wenye muda mrefu. Bodi ya mikopo, HELB, ina mkopo wa watu walioajiriwa wanaorudi kusoma, unaoitwa Jielimishe. Sacco nyingi zina mkopo wa karo. Linganisha riba ya mwaka mzima, si ya mwezi, na uulize kwamba ukichelewa mwezi mmoja itakuwaje.

Usikope kwa mshahara ambao haujaja

Tumefika kwenye jambo gumu zaidi.

Manesi wengi wanarudi shule kwa kutumaini daraja jipya. Kwa muundo wa utumishi wa manesi, mwenye diploma huingia kazini kwenye kundi H, na mwenye digrii kundi K. Tofauti ya mshahara ni ya kweli, na ni haki mtu kuitamani.

Lakini digrii na daraja ni vitu viwili. Chuo kinakupa digrii. Daraja linatolewa na mwajiri, kwa nafasi na bajeti iliyopo. Kuna manesi waliomaliza masomo wakasubiri muda mrefu kupandishwa. Kwa hiyo mtu akichukua mkopo mkubwa leo akisema "nitalipa nikipanda kundi," amejifunga kwa tarehe isiyo mkononi mwake.

Piga hesabu yako kwa mshahara ulio nao sasa. Kama digrii inalipika kwa mshahara huo, hata kwa kujibana, endelea. Daraja likija, iwe ni faida. Kama hailipiki, punguza kasi. Uliza chuo kama unaweza kuchukua masomo machache kwa muhula. Anza kuweka akiba mwaka mmoja kabla. Zungumza na mwajiri kuhusu ruhusa ya masomo, na uipate kwa barua, kwa sababu utahitaji siku za mazoezi na mitihani, na siku bila ruhusa zinaweza kukatwa kwenye mshahara.

Bando, umeme na simu yenyewe

Simu ndiyo darasa lako, kwa hiyo itunze kama darasa. Mtandao wa kando ya ziwa unakuja na kuondoka. Ukifika Lodwar kwa shughuli za kazi, tumia nafasi hiyo kupakua masomo ya wiki mbili ili usome bila intaneti ukirudi. Nunua bando la mwezi siku unapopokea mshahara, na kama mtandao wako una bando la usiku la bei nafuu, video zipakue usiku.

Simu hiyo hiyo ina pesa yako. Kwenye zahanati simu hupitia mikono mingi. Mwenzako anaomba kupiga, mgonjwa anaomba tochi. Weka nywila ya kufungua skrini, na PIN ya pesa iwe tofauti na hiyo. Usiiandike nyuma ya daftari la zamu. Na kumbuka, hakuna mfanyakazi wetu, wala wa chuo, wala wa Baraza, anayeruhusiwa kukuuliza PIN. Anayeuliza ni mwizi, hata kama anajua jina lako lote na anazungumza kwa upole.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Fanya mambo matano wiki hii kama unafikiria kurudi shule.

Hakikisha chuo kwa CUE na kozi kwa Baraza la Wauguzi.
Andika gharama zote za muhula, hadi nauli, halafu zigawe kwa miezi.
Andika tarehe za chuo, urudi nyuma mwezi mmoja kwa kila tarehe.
Fungua akiba ya shule peke yake, na pesa iingie siku ya mshahara.
Maliza deni la simu ulilonalo kabla hujaanza kupokea michango.

Mama mjamzito anayefika zahanati usiku hatamuuliza Sista ana digrii au diploma. Atataka tu ajue la kufanya. Lakini yale anayoyasoma saa nne usiku kwa mwanga wa taa ya sola, mama huyo atayafaidi. Kwa hiyo asiyamalize nusu kwa sababu ya namba ya akaunti iliyoandikwa vibaya, au 9,000 zilizomezwa na deni. Hayo yanazuilika, na yanazuilika kuanzia leo, kwenye simu uliyoshika.